Siku ya Tatu Mpe Jembe: Namna Wageni Walivyopata Wenzao Visiwani

Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe inajulikana na kila aliyekulia katika Kiswahili, na wengi wetu tumeizoea kwa maana moja tu: ukarimu una mwisho wake, na mgeni anayekaa sana humchosha mwenyeji. Maana hiyo ipo, siikatai. Lakini tuliangalie jembe lenyewe. Anayetaka mgeni wake aondoke humfungia mizigo, humuulizia chombo, humsindikiza mpaka njia panda. Hampeleki shamba. Jembe hukabidhiwa mtu wa nyumbani, mtu ambaye tunatarajia atakuwapo mvua zitakaponyesha na atakula mavuno pamoja nasi. Kwa hiyo naisoma methali hii kama maelezo ya namna mgeni anavyovuka kizingiti, na ninadai kwamba historia ya visiwa vyetu, Unguja, Lamu na Mombasa, inaunga mkono usomaji huo. Watu waliofika visiwani humu kutoka mbali wakapata marafiki, majirani na watu wa kuwazika, hawakuwapata kwa sababu walipakuliwa vizuri. Waliwapata kwa sababu walipewa kazi katika maisha ya watu wengine, wakaipokea. Na wale ambao hawakupewa jembe, au walipewa wakalikataa, walibaki wageni hata walipokaa miaka hamsini.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani sana. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaeleza kwamba manahodha Waarabu waliokuwa wakifika Rhapta, bandari ya pwani hii, walikuwa wamezoeana na wenyeji, wakioa kwao na kuijua lugha yao. Mazoea, ndoa na lugha ni mambo matatu yasiyopatikana kwa kukaa kitako na kungojea chakula. Karne kumi na tatu baadaye, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipita Mogadishu akielekea Mombasa na Kilwa, akaandika jambo lililomvutia. Jahazi lilipotia nanga, vijana walilifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja alimkabidhi sahani yake mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni alifikia kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo haikuhesabiwa kuwa halali. Ni rahisi kusoma habari hii na kuona sahani peke yake. Lakini sahani ilikuwa mlango wa mkataba: mgeni alipata mtu wa kumlinda sokoni, mwenyeji alipata faida na jina. Tena Ibn Battuta anaongeza kwamba mfanyabiashara aliyekwisha kuja mara nyingi na kuwajua watu aliweza kufikia alikotaka. Mji ulikuwa na hesabu ya kumtoa mtu katika ugeni, na hesabu hiyo ilikuwa ya shughuli alizofanya na watu.

Jambo la pili lililosaidia lilikuwa upepo. Vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, na havikuweza kurudi mpaka kusi ishike. Nahodha, mabaharia na wachuuzi walikaa miezi, si kwa kupenda bali kwa sababu bahari haikuwaruhusu kuondoka. Miezi hiyo ndiyo iliyozaa misingi ya ujirani, kwa kuwa mtu asiyeweza kuondoka lazima akope, akopeshwe, augue, auguzwe, na akutane kesho na yule aliyegombana naye leo. Majumba ya mji wa kale yalijengwa kwa kuzingatia hali hiyo. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mbele ya mlango, penye viti vya mawe pande mbili, ili mwenye nyumba akutane na watu bila kuwaingiza ndani. Na nyumba nyingi zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na maisha ya familia. Unguja kuna baraza, kiti kirefu cha mawe kinachofuata uso wa nyumba mpaka pembeni mwa uchochoro. Usanifu huu wenyewe unakiri kwamba mgeni haingii ndani kwa siku moja. Unampa mahali pa kuanzia, panapoonekana na kila apitaye, naye apimwe hapo kwa subira.

Tukae kidogo kwenye hiyo baraza, maana ndipo hoja yangu inapoonekana kwa karibu. Baada ya alasiri wanaume hukaa, muuza kahawa hupita na dele lake huku akigonganisha vikombe, bao huwekwa chini, na habari za mji hupita mdomo kwa mdomo. Mtu akitazama kwa haraka huona watu wasio na kazi. Lakini baraza ina mahudhurio yake. Asiyeonekana siku mbili huulizwa, na siku ya tatu mtu hutumwa kwake kumjulia hali. Anayekunywa kahawa ya wenzake leo hulipa ya wenzake kesho. Mpango huo ulikuwa hata na majina. Kula kikoa ni watu kupika kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko uishe na uanze tena. Kula bia ni kila mtu kuchanga sehemu yake, na humo limetoka neno ubia tunalolitumia mpaka leo katika biashara. Juu ya yote hayo kuna kuzikana. Ukitaka kujua kama watu wawili ni majirani kweli, huulizi kama wanapendana. Unauliza kama wanazikana. Ndani ya neno hilo kuna kazi nyingi sana: kuchimba kaburi, kushona sanda, kutoa ubani, kukuna nazi na kuchambua mchele wa hitima, kukaa mkekani na wafiwa usiku wa kwanza. Kazi hizo hazina ujuzi mgumu. Mgeni wa juzi anaweza kuchambua mchele. Ndiyo maana zilikuwa mlango mpana kuliko ukarimu wenyewe, kwa sababu ukarimu humfanya mgeni awe na deni, na kuchambua mchele humpa nafasi ya kulilipa.

Hapa msomaji makini atanisimamisha, na ana haki. Atasema kwamba wengi waliofika Unguja katika karne ya 19 hawakuwa wageni wa sahani wala wa jembe la hiari. Waliletwa kwa nguvu kutoka bara, Wanyasa, Wayao, Wamanyema na wengine, wakauzwa sokoni Mkunazini, wakalimishwa mikarafuu. Jembe walilopewa lilikuwa jembe la utumwa. Pingamizi hili ni zito na sitaki kulipita upesi, kwa kuwa hoja inayosifu kazi bila kuuliza kazi ya nani kwa faida ya nani ni hoja ya bwana shamba. Jibu langu ni kwamba kazi ya kulazimishwa haikuwajengea ujirani na mabwana zao. Iliwajengea ujirani na wenzao, na neno lake lipo: mjoli, yaani mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1897. Wengi waliotoka mashambani walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Walifika pasipo koo, pasipo wajomba wala mashangazi, katika jamii ambayo mtu asiye na jamaa hana wa kumsemea. Walichofanya ndicho ushahidi wangu mkubwa kuliko wote: walijitengenezea jamaa kwa kazi waliyoichagua wenyewe. Wanawake waliwacheza wari katika unyago, na msichana aliyechezwa alipata somo, mama wa pili aliyemfunda na kumsimamia mpaka harusini, pamoja na wenzake aliochezwa nao, waliokuwa dada zake kuanzia siku hiyo. Undugu huu haukutoka kwenye damu. Ulitoka kwenye ngoma iliyopigwa usiku kucha, chakula kilichochangwa na mafunzo yaliyotolewa.

Kutoka katika mitaa hiyo hiyo ilitoka taarabu ya Kiswahili. Muziki wenyewe uliingia kwa mlango wa jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayekumbukwa kwa kuuleta kutoka Misri, na Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, iliundwa na mabwana wa mjini. Lakini mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, akauza vyungu kwa miguu, akahamia mjini mnamo 1911, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Nyumba yake Ng'ambo ilikuwa mahali pa watu kukusanyika jioni kusikiliza mazoezi ya kikundi chake. Katika mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi zilikosimama nyumba zao. Sisemi kwamba wimbo ulizaa mgomo. Ninasema kwamba watu waliokuja bila jamaa yoyote, kizazi kimoja tu baada ya 1897, waliweza kusimama pamoja mbele ya mahakama na serikali, na hilo haliwezekani kwa watu wasiojuana. Walikuwa wameshachezeana ngoma, wameshachangiana na wameshazikana.

Lamu inatupa mfano wa mtu mmoja, nao unaonyesha kwamba mgeni anaweza kuchagua mlango. Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil, alizaliwa Ngazija na kufika Lamu akiwa kijana katika karne ya 19. Alikuwa na nasaba ya kumfungulia nyumba za wakubwa, na kama angeridhika na hilo angeishi kwa heshima na kufa kama mgeni mwenye heshima. Yeye alikwenda mtaa wa Langoni, akasomesha watu ambao elimu ya dini ilikuwa haiwafikii, wakiwamo watumwa na watoto wao, akawatibu na kukaa nao. Matari yaliyopigwa katika maulidi yake yaliwaudhi baadhi ya wanavyuoni wa mji, na ubishi ukawa mkubwa. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa Riyadha ulikuwa umesimama, na alipofariki mwaka 1935 mgeni huyu wa Ngazija alikuwa ndiye sura ya Lamu. Mpaka leo maulidi ya Lamu huvuta watu kutoka pwani nzima. Alipata watu kwa kuwauliza wanahitaji nini na kulifanya jambo hilo kila siku, mbele ya macho yao, kwa miaka mingi. Rafiki yake mkubwa, tukitaka kumtafuta, alikuwa mtaa mzima.

Pingamizi la pili linasema kwamba ninapamba. Visiwa hivi, litasema, vilikuwa vya vikundi vilivyojifungia: Mhindi na jamatini yake, Mgoa na kanisa lake, Mshihiri na Washihiri wenzake bandarini, Mngazija na chama chake. Ni kweli kwamba karibu kila mgeni alianzia kwa watu wa kwao. Wagoa walikuwa na kanisa kuu la Mtakatifu Joseph, lililojengwa katika miaka ya 1890, na wakati wa Pasaka walipata humo lugha, nyimbo na vyakula walivyoviacha ng'ambo ya bahari. Sioni kosa hapo. Mtu aliyefika jana anahitaji mahali ambapo hahitaji kujieleza. Swali ni kama kikundi hicho kina mlango wa pili, unaotokea mtaani. Mgoa alikuwa na cherehani, kamera na duka la mikate, na vitu hivyo vilimtoa nje: alishona kanzu za harusi za watu, akapiga picha za ndoa na za watoto. Mfanyabiashara wa kanga kisiwani Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara ya familia yake ilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zinaitwa mpaka leo mali ya Abdulla, hakuweza kuuza maneno ya Kiswahili kwa wanawake wa pwani bila kuyasikiliza kwanza. Kazi ilimlazimisha kusikia. Kinyume chake ni klabu ya Waingereza iliyofunguliwa Shangani, Unguja, mwaka 1888, katika jengo ambalo leo ni hoteli ya Africa House. Ilikuwa na mandhari nzuri ya bahari na watu waliojuana vizuri sana. Lakini haikuwa na mlango wa pili. Mwanachama wake angeweza kutumikia kisiwani miaka mingi, akatoa amri kwa maelfu, na asiwepo hata mtu mmoja mtaani wa kutumwa kumjulia hali siku ya tatu.

Pingamizi la tatu ndilo linaloumiza. Kama wageni na wenyeji walikuwa wameshonwa pamoja kiasi hicho, damu ya Juni 1961 na ya Januari 1964 ilitoka wapi? Watu 68 waliuawa katika fujo za uchaguzi wa 1961, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 maelfu waliuawa na wengine wengi wakakimbia nchi waliyozaliwa. Hakuna insha inayopaswa kuifunika habari hii kwa maneno matamu. Sehemu ya jibu ni kwamba baraza haikugawa ardhi wala madaraka. Mtu aliweza kula sinia moja na mwenye mikarafuu na bado yeye akabaki hana shamba, na ujirani usiogusa dhuluma hiyo ulikuwa na ufa tangu mwanzo. Lakini tuangalie pia mambo yalivyofuatana. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu wa chama kimoja walianza kususia maduka ya watu wa chama cha pili, wakasusia mabasi yao, na mahali kadhaa wakaacha kwenda katika misikiti na mazishi ya wenzao. Kuzikana kulivunjika kwanza, na kuuana kukafuata miaka minne baadaye. Kama desturi hizo zingekuwa pambo tu, wanasiasa wasingehitaji kuzivunja. Zilisusiwa kwa sababu zilikuwa na nguvu, na kwa sababu ni vigumu kumchukia ipasavyo mtu aliyekushikia jembe la kaburi la mama yako.

Historia hii ina jambo la kuwaambia wageni wa leo. Tangu utalii ulipofunguliwa Unguja katikati ya miaka ya 1980, watu kutoka Ulaya, Afrika Kusini, Kenya na Tanzania Bara wamekuja kuishi Paje, Jambiani na Nungwi, wengine kwa mwaka, wengine kwa maisha. Wengi hulalamika kwamba wanatabasamiwa kila siku na bado hawana rafiki mwenyeji. Kwa macho ya historia hakuna fumbo hapa. Kaskazi haimzuii mtu tena. Ndege huondoka kila siku, na anayeweza kuondoka leo jioni hana sababu ya kukopa chumvi kwa jirani. Ana fedha za kununua kila msaada, na msaada ulionunuliwa haudai kurudishwa. Mtu anaweza kusema kwamba basi nyakati zimepita na jembe nalo limepita. Sikubali. Upepo uliwalazimisha watu wa zamani kukaa, na wa leo anaweza kuchagua kukaa. Ajifunze Kiswahili mpaka aweze kuulizia mgonjwa. Tangu 1989 wanawake wa Paje wamekuwa wakilima mwani kwenye maji ya kina kifupi, wakifuata bamvua na maji mafu, na nusu ya maisha ya kijiji huenda kwa saa za bahari. Asiyejua maji yanatoka lini hajui majirani zake wako wapi.

Lakini sitaki kumbebesha mgeni peke yake. Methali haisemi mgeni achukue jembe, inasema mpe. Kuna mwenyeji anayetakiwa kunyoosha mkono, na siku hizi wenyeji wengi, kwa sababu zinazoeleweka, humwona mgeni kama pochi yenye miguu: humpa sahani kila siku, kwa bei, na jembe hawampi kamwe. Huko nako ni kumfungia mlango. Watu wa Makunduchi walilijua hili. Katika sherehe ya Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, desturi yao inataka kila nyumba iwe na mgeni siku ile, na si vyema mtu kuumaliza mwaka bila kupokea hata mmoja. Mwenyeji humhitaji mgeni ili mwaka wake uwe mwema. Sijui hoja iliyo imara kuliko hiyo dhidi ya wanaofikiri kwamba ugeni ni shida ya upande mmoja.

Kuna jambo moja bado hutokea kila wiki katika vichochoro vya Unguja, na ndani yake historia hii yote imejikusanya. Jeneza linapopita kuelekea makaburini, halibebwi na watu wale wale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hupita bega kwa bega. Anayechoka hutoka, aliye kando ya njia huingia, hubeba hatua chache, kisha humpokeza mwingine. Wengi wa wabebaji hawakumjua marehemu. Haulizwi mtu alikuja na jahazi gani, kwa kaskazi au kwa kusi, wala babu yake alizaliwa wapi. Kinachotakiwa ni awepo njiani, ainuke barazani alipokaa, na atie bega.